KULINDA MAJENGO, SIMU NA MITAMBO DHIDI YA MIRUKO YA UMEME: MAFUNZO KUTOKA MOSHI NA MITEREMKO YA KILIMANJARO

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi, juu ya njia za kuyakinga majengo, vyombo vya mawasiliano na mitambo ya umeme isiharibiwe na umeme unaopanda nguvu kwa ghafla. Watumishi wanaosimamia majengo, maghala, skuli na vituo vya afya wanaombwa kuyasoma kwa makini na kuyafikisha kwa wenzao.

Ndugu wasikilizaji,

Wapo watu wengi ambao, kompyuta ya ofisi inapoungua, au friji ya nyumbani inaponyamaza baada ya mvua ya ngurumo, husema kwamba ajali haina kinga, kisha wakaenda kutafuta fedha za kununua nyengine. Msemo huo una mahali pake. Lakini hapa si mahali pake. Katika jambo la umeme, kinga ipo, inajulikana, na sehemu kubwa ya kinga hiyo ni rahisi kuliko chombo kimoja kinachoungua. Kinachokosekana aghlabu si fedha, bali ni kufahamu umeme huo unaingilia wapi na unataka kwenda wapi.

Kwa ajili ya kulifafanua jambo hili, umechaguliwa mfano wa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Huenda mtu wa Visiwani akauliza, Moshi na Unguja wapi na wapi? Jibu ni kwamba Unguja imeungwa na gridi ya Taifa tokea mwaka 1980, kwa waya wa chini ya bahari uliotoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na mwaka 2013 ukaongezwa waya mwengine wenye uwezo wa megawati 100. Pemba nayo iliungwa kutokea Tanga mwaka 2010. Kwa hiyo mkaazi wa Kibosho na mkaazi wa Kikwajuni wanakunywa katika kisima kimoja. Zaidi ya hayo, Kilimanjaro ni mahali ambapo sababu zote za mruko wa umeme zimekusanyika pamoja, na mwenye kuzielewa za huko atakuwa amezielewa za kwake.

MRUKO WA UMEME NI KITU GANI

Umeme unaofika majumbani nchini Tanzania una nguvu ya volti 230 kwa njia moja, na volti 400 kwa njia tatu. Vyombo vyote vinavyouzwa madukani hutengenezwa kwa kiwango hicho, na huvumilia kupanda na kushuka kidogo. Mruko wa umeme ni pale nguvu hiyo inapopanda kwa ghafla na kukipita mbali kiwango chake.

Inafaa ieleweke kwamba mambo mawili tofauti huitwa kwa jina hilo moja, na dawa zake si moja. La kwanza ni mruko wa mara moja, ambao huja na kutoweka kwa muda mdogo kuliko kufumba na kufumbua, yaani sehemu ya milioni ya sekunde hadi sehemu ya elfu, lakini nguvu yake inaweza kufikia maelfu ya volti. Huo ndio mruko wa radi, na pia ule unaotokea mitambo mikubwa inapowashwa au kuzimwa. La pili ni umeme kuzidi kiwango kwa muda mrefu zaidi, kuanzia sekunde chache hadi saa nzima, ambapo badala ya volti 230 nyumba hupata 280, au 350, au hata kukaribia 400. Mruko wa kwanza hutoboa. Wa pili huchoma.

Kifaa ambacho wengi hukinunua madukani na kukiita "gadi" ya friji au ya televisheni, kimetengenezwa kwa ajili ya jambo la pili. Hukata umeme unapozidi au unapopungua, na husubiri dakika chache kabla ya kuurejesha. Hiyo ni faida kubwa. Lakini mara nyingi kifaa hicho ni kizito mno mbele ya radi; radi huwa imekwisha kupita kabla hakijajua kuna jambo. Mwenye kutegemea gadi peke yake dhidi ya radi ni kama mtu aliyefunga mlango baada ya mwizi kutoka.

HALI YA MOSHI NA MITEREMKO YA MLIMA

Mji wa Moshi upo kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kibo kina mita 5,895. Umbali baina yake, kwa mstari ulionyooka, ni kiasi cha kilomita 30 tu. Hewa yenye unyevu inayotoka Bahari ya Hindi hukutana na ukuta huo, ikapanda, ikapoa, na kufanya mawingu marefu ya mvua. Ndani ya mawingu hayo chembe za barafu na mvua ya mawe hugongana na kutengana na chaji zake, na hapo ndipo radi inapozaliwa. Ndiyo maana upande wa kusini wa mlima, yaani Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu, una mvua nyingi, na msitu ulio juu ya vijiji hivyo hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali tambarare zilizo chini ya mji ni kavu. Masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Disemba, ndizo nyakati za ngurumo.

Kwa upande wa pili, ni mahali palipojaa watu, majengo na mitambo. Hospitali ya Rufaa ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka huo huo ukafunguliwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Vipo viwanda vya kahawa, vyuo, mabenki, skuli na makanisa na misikiti yenye vipaza sauti. Minara ya simu imepanda mlimani, na mwezi wa Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano la TTCL lilizindua huduma ya intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, kilicho mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kila chombo kati ya hivyo kina ndani yake vipande vidogo vya elektroniki ambavyo havistahamili volti nyingi.

Umeme wenyewe huwafikia wakaazi wa miteremko kwa safari ndefu. Kutoka kituo cha Kiyungi, karibu na Moshi, unapandishwa mlimani kwa njia za volti elfu 33 na elfu 11, kisha transfoma huushusha kuwa volti 400 na 230, na kutoka hapo nyaya hupita juu ya vihamba, katikati ya migomba, mibuni na miti mirefu ya kivuli, hadi kuifikia nyumba ya mwisho. Waya wowote uliotandazwa angani kwa kilomita nyingi ni mfano wa wavu wa kuvulia radi. Si lazima radi iupige waya wenyewe. Ikipiga mti au ardhi iliyo jirani, waya huo huamsha ndani yake mruko unaosafiri pande zote mbili mpaka upate pa kutokea. Ukikosa pa kutokea, hutokea ndani ya televisheni ya mtu.

SABABU NNE

Kwa jumla, miruko inayoharibu vyombo huko Moshi, na kwengineko, hutokana na sababu nne.

Ya kwanza ni radi, ambayo imekwisha elezwa. Mpigo mmoja wa radi wa kawaida hubeba kiasi cha ampia 30,000, na joto la njia yake hufikia nyuzi 30,000 za Selsiasi. Afrika Mashariki na Kati ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi. Kabare, katika Kivu ya Kusini, imepimwa kwa setilaiti na kuonekana kupata zaidi ya mipigo 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka.

Ya pili ni umeme kurejea baada ya kukatika. Umeme unapozimika jioni, kila nyumba huacha friji, pasi, taa na pampu zikiwa zimeunganishwa. Unaporejea, vyombo vyote hivyo huamka kwa pamoja, nguvu ikashuka, ikapanda, na kuyumba kabla ya kutulia. Hatari huwa kubwa zaidi pale gridi nzima inapoanguka, kama ilivyotokea Aprili 1, 2024, kisha ikawa inarejeshwa sehemu baada ya sehemu.

Ya tatu ni kukatika kwa waya wa nyutro. Tawi la mti likiangukia nyaya na kuukata waya huo, nyumba zilizo kwenye njia tofauti huwa zimefungamana zenyewe kwa zenyewe juu ya volti 400. Nyumba yenye matumizi makubwa hupata umeme hafifu, na ile yenye taa mbili na redio hupata umeme mwingi mno. Dalili yake ni taa za nyumba moja kung'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia. Mwenye kuiona dalili hiyo asingoje wala asiulize. Azime swichi kuu mara moja na kutoa taarifa.

Ya nne ni mitambo iliyo ndani ya jengo lenyewe au karibu yake. Mashine ya kuchomelea vyuma, mashine ya kusaga, pampu kubwa, lifti na viyoyozi, kila vinapowashwa na kuzimwa, hurusha miruko midogo. Hii haiui chombo siku hiyo, bali hukichosha kidogo kidogo, mpaka siku moja kikafa bila ya sababu inayoonekana.

Inafaa kuongeza kwamba urefu wa njia za umeme ni tatizo linalotambuliwa rasmi. Mwezi wa Machi 2025, Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, kwa hoja kwamba umeme unaozalishwa mbali kusini hupotea mwingi njiani. Njia fupi na imara hupunguza kuyumba kwa umeme, lakini haimwondolei mwenye nyumba wajibu wake, kwani radi haitoki katika mtambo wa kuzalisha umeme.

ARDHI NDIYO MZIZI WA KINGA

Ndugu wasikilizaji, kama lipo neno moja la kubakia na kila mtu katika mazungumzo haya, basi neno hilo ni ardhi. Hakuna kifaa kinachoumeza mruko wa umeme ukaisha. Vifaa vyote vya kinga hufanya kazi moja tu, nayo ni kuuonyesha mruko njia nyepesi ya kushukia ardhini. Pasipo waya wa ardhi, ambao mafundi huuita waya wa ethi, kifaa cha kinga ni pambo. Na wapo wananchi wengi ambao wamenunua kipande cha soketi chenye maandishi ya kinga ya miruko, wakakichomeka katika soketi yenye matundu mawili yanayofanya kazi na la tatu lisilo na waya nyuma yake.

Fimbo ya ardhi ni ya shaba, au ya chuma kilichovikwa shaba, na hukitwa chini mpaka ifikie udongo wenye unyevu. Ubora wake hupimwa kwa omu. Kwa kinga ya radi, inatakiwa isizidi omu 10. Udongo mweusi wenye unyevu wa miteremko ya juu hupitisha umeme vizuri, lakini penye mwamba wa volkano, na katika tambarare kavu, fimbo moja haitoshi. Hukitwa kadhaa zilizotengana, na kuunganishwa. Kwa Visiwani, maeneo ya jiwe la matumbawe yana tatizo hilo hilo, na fauka ya hayo, hewa ya chumvi hula viungo vya shaba na chuma. Kumwaga chumvi kwenye shimo la fimbo, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, huleta nafuu ya muda mfupi, kisha mvua huiosha chumvi na kutu ikaila fimbo.

Vipimo vichukuliwe kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, wakati ardhi ni kavu kabisa. Ardhi inayopimwa wakati wa masika humsifu kila fundi. Kadhalika waya utazamwe kama upo, maana shaba hutamaniwa na wezi, na lipo jengo linaloaminiwa kuwa na kinga ilhali waya wake ulikwisha kukatwa zamani.

KUFUNGAMANISHA KILA KITU PAMOJA

Hapa ndipo penye kosa linalofanyika sana katika majengo ya ofisi. Umeme huwekewa fimbo yake ya ardhi upande mmoja wa jengo. Simu huwekewa yake upande wa pili. Dishi la setilaiti lina yake. Na mnara mdogo wa redio una yake. Kila fundi amefanya kazi yake vizuri, na jengo zima ni la hatari.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Ampia 10,000 za radi zikishuka katika fimbo yenye omu 10, fimbo hiyo hupanda hadi volti 100,000 kwa muda mfupi. Fimbo ya simu, iliyo mbali kidogo, haikupanda. Kompyuta iliyounganishwa na umeme kwa upande mmoja na simu kwa upande wa pili, hugeuka kuwa daraja baina ya volti laki moja na sifuri. Daraja hilo huungua.

Mkaazi wa pwani atalielewa jambo hili kwa kukumbuka chombo kilichotia nanga. Maji yakijaa, chombo hupanda, na mzigo, mabaharia na kila kilichomo hupanda nacho, wala hapana anayeumia. Lakini ikiwa kuna kamba fupi iliyofungwa gatini, kamba hiyo hukatika au hung'oa kiungo. Jengo nalo ni hivyo hivyo. Haiwezekani kulizuia lisipande radi inapopiga, bali inawezekana kuhakikisha kila kilichomo kinapanda pamoja. Kwa hiyo waya wa ardhi wa umeme, wa simu, wa antena, wa vizuia radi vya juu ya paa, mabomba ya chuma ya maji na nondo za jengo, vyote viunganishwe mahali pamoja, na nyaya zote za kuingia ndani, kama inavyowezekana, ziingilie upande mmoja.

KINGA KWA DARAJA

Vizuia radi vya juu ya paa, vilivyotokana na uchunguzi wa Benjamin Franklin wa Marekani katika karne ya 18, hulinda jengo lenyewe lisipasuke na kuungua. Havilindi vyombo vilivyomo ndani. Kwa vyombo, vifaa vya kinga hupangwa kwa daraja, kama ambavyo Wachaga wameyapanga maji ya mifongo yao kwa karne nyingi: mlangoni kwenye mto huzuiliwa nguvu kubwa, mbele hugawanywa, na shambani hufika maji mapole yasiyong'oa mgomba.

Daraja la kwanza huwekwa umeme unapoingilia, katika majengo yenye vizuia radi juu ya paa au yanayolishwa kwa nyaya za angani. Daraja la pili huwekwa ndani ya boksi la fyuzi na sakiti breka. Daraja la tatu huwekwa karibu na chombo chenyewe, katika soketi. Ndani ya vingi vya vifaa hivyo mna vidonge vya oksidi ya zinki, ambavyo kwa volti za kawaida ni kama ukuta, na volti zikizidi hugeuka mlango wa kushukia ardhini. Vidonge hivyo huchoka kila vinapofanya kazi. Kwa sababu hiyo vifaa vingi vina dirisha dogo la rangi: kijani maana yake kifaa kizima, nyekundu maana yake kinga imekwisha na kibadilishwe. Msimamizi wa jengo aliyeliona dirisha jekundu akapita, amelaza jengo lake wazi.

Waya wa kukiunganisha kifaa hicho na ardhi uwe mfupi na ulionyooka, usiozidi nusu mita kwa jumla. Mita moja ya waya, kwa mruko wa ampia 10,000, huongeza zaidi ya volti 1,000 juu ya zile zinazofika kwenye chombo. Waya mrefu uliozungushwa vizuri kwa kupendeza macho huiondoa kinga yenyewe.

Kwa upande wa mawasiliano, kila waya wa shaba unaoingia kutoka nje, uwe wa simu, wa antena, wa kamera za ulinzi au wa mtandao wa kompyuta, uwe na kifaa chake cha kinga mlangoni. Baina ya jengo na jengo, waya wa shaba wa mtandao usitumike. Utumike waya wa nyuzi za kioo, ambao haupitishi umeme. Hata hivyo, nyuzi hizo zikiwa na waya wa chuma wa kuzitia nguvu, waya huo nao uunganishwe na ardhi mlangoni. Wenye paneli za jua juu ya mapaa wakumbuke kuwa nazo ni mlango wa radi, na zinahitaji kinga ya namna yake.

MAFUNZO KWA VISIWANI

Unguja imekwisha kuonja gharama ya kutegemea njia moja ya umeme. Kuanzia Mei 21, 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na tena kuanzia Disemba 10, 2009 kwa takriban miezi mitatu, kutokana na hitilafu za njia ya waya wa chini ya bahari. Katika siku hizo majenereta yalienea kila mtaa, na hadi leo ofisi nyingi zinayo. Jenereta linalounganishwa pasipo swichi maalumu ya kubadilisha njia huleta khatari mbili: kwanza, huupeleka umeme wake kwenye nyaya za mtaani na kuweza kumuua fundi wa Shirika la Umeme aliye juu ya nguzo, pili, umeme wa Shirika ukirejea huku jenereta likiendelea, miwili hiyo hugongana na kuangamiza vyombo. Swichi hiyo si anasa.

WAJIBU WA OFISI NA WA MKAAZI

Upo utaratibu uliozoeleka maofisini ambao unastahili kuangaliwa upya. Kompyuta hununuliwa kwa faili moja, matengenezo ya nyaya kwa faili nyengine, na kipimo cha ardhi hakina faili. Kwa hiyo mtambo wa thamani kubwa hukabidhiwa kwa sherehe, ukawekwa katika chumba ambacho soketi zake hazina waya wa ardhi. Inapendekezwa kwamba kila ombi la kununua chombo cha elektroniki liambatane na cheti cha kipimo cha ardhi cha jengo litakalokiweka, na gharama ya kinga iingizwe katika bei ya chombo hicho. Kinachopotea chombo kinapoungua si chombo peke yake. Mgonjwa aliyesafiri kutoka kijijini kwa ajili ya picha ya X-ray hurudi nyumbani bila ya kupigwa. Mwanafunzi hukosa matokeo yake. Kumbukumbu za vizazi, vifo na mashamba, ambazo hazina bei, hupotea. Kwa hiyo nakala za kumbukumbu zihifadhiwe pia katika jengo jengine.

Kwa wakaazi, mambo ya kufanywa ni haya:

1. Nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni, na waya wa ardhi upimwe mbele ya mwenye nyumba.

2. Wingu la ngurumo linapoonekana, vyombo vichomolewe mapema, pamoja na waya wa antena na wa simu. Kuzima kwa swichi peke yake hakutoshi, kwani radi iliyokwisha kuruka maili nyingi za anga haizuiwi na pengo dogo la swichi. Ngurumo ikiwa imekwisha kukaribia, plagi na nyaya zisishikwe tena.

3. Umeme ukikatika, vyombo vichomolewe na taa moja iachwe. Ukirejea na taa ikatulia kwa dakika tano, ndipo virejeshwe kimoja kimoja.

4. Matawi yanayogusa nyaya yasikatwe na mwenye shamba. Apewe taarifa TANESCO kwa Bara, au ZECO kwa Visiwani.

5. Chombo kikiungua kwa kosa la njia ya umeme, taarifa itolewe mara moja kwa maandishi, pamoja na siku, saa na majina ya majirani waliopata madhara kama hayo. Mkaazi wa Bara asiyeridhika na jibu ana haki ya kufika EWURA.

6. Baina ya mwanga wa radi na mlio wake zikihesabika sekunde 30 au pungufu, watu waingie ndani ya jengo imara, wajitenge na mabomba, madirisha na simu za waya, na wakae hapo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Jambo hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mwezi wa Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika skuli ya msingi ya Runyanya, nchini Uganda. Na mwezi wa Oktoba 2018, wanafunzi 6 wa skuli moja ya Geita walikufa kwa radi wakiwa darasani. Skuli iliyofungwa vizuizi vya radi na kuwekewa ardhi njema hulinda kwanza watoto, kisha ndipo inapolinda kompyuta. Mkuu wa skuli anayeomba fedha za kazi hiyo asionekane kuwa anaomba pambo la paa.

Alhasili, radi haizuiliki kuanguka, na umeme hautaacha kukatika na kurejea. Lakini njia ya kuupokea mruko na kuushusha ardhini imo mikononi mwa kila anayesimamia jengo, liwe la Serikali au la mtu binafsi. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa umeme, ufa huo ni waya mmoja wa ardhi uliokosekana, na ukuta ni hospitali iliyokaa bila ya mitambo yake. Kila msimamizi wa jengo anaombwa, kabla ya mvua za msimu ujao, kwenda nyuma ya jengo lake, kuitafuta fimbo ya ardhi ilipo, na kuuliza mara ya mwisho ilipimwa lini.